Kimya cha Profesa Chilumba

Ilikuwako, na kwa habari tulizo nazo ingaliko, nchi moja iliyopenda sana sauti za watu wake, ilimradi watu wenyewe wawe wamekwisha kufa. Mtu akiwa hai, nchi hiyo haikuwa na haja na sauti yake. Mtu hai hubadili mawazo, hukohoa mbele ya wakubwa, na wakati mwingine huuliza maswali. Lakini akishazikwa na arobaini yake ikasomwa, Serikali humtumia barua ya pongezi, na chochote alichopata kukisema kikanaswa kwenye kanda hupelekwa katika jengo la ghorofa tatu liitwalo Idara ya Sauti za Taifa, kikafungiwa humo kisije kikasikika.

Mwanamke mmoja aitwaye Sikudhani alikuwa mfagiaji wa jengo hilo kwa miaka tisa. Alikuwa amesoma mpaka darasa la tano, mwaka ambao mwalimu wa darasa la sita alihamishwa na hakuletwa mwingine, na darasa zima likaambiwa lisubiri. Baadhi ya wenzake wanasubiri mpaka leo. Alikuwa mtu wa haya. Akiulizwa jina lake alilitaja kama anayeomba radhi, na wakubwa wa Idara, waliopita juu ya deki yake kila asubuhi kabla haijakauka, waliamini kwa moyo mmoja kwamba ni bubu. Hakuwalaumu. Zilipita siku hata yeye akasahau kama ana sauti.

Hakuja pale kwa kubahatisha. Mama yake, Somoe, alikuwa mpishi wa Profesa Chilumba, yule mwandishi wa hadithi fupi za Bonde la Mihima, aliyefundisha Chuo Kikuu mpaka siku alipoambiwa apumzike, akapumzika mpaka akafa. Profesa alikuwa na desturi ya kuzisoma hadithi zake kwenye mashine ya kanda, amekaa kwenye kibaraza cha jiko, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na soketi pekee isiyopiga shoti. Alijaza kanda arobaini na mbili. Alipokufa Idara ilizibeba zote kwa gari la wagonjwa, kwa heshima.

Somoe naye alikufa mwaka uleule, kwa homa, na Sikudhani ana miaka mitatu. Hakuacha hata picha moja. Mama mdogo aliyemlea Sikudhani alimwambia siku moja wakichambua mchele, "Mama yako ukimtaka, yumo kwenye kanda za yule Profesa. Dada yangu hakuwa na mdomo wa kufunga. Lazima yumo."

Basi Sikudhani alitaka kitu kimoja tu duniani, kumsikia mama yake. Hata neno moja. Hata akipiga chafya.

Kusikiliza kanda yoyote kulihitaji Fomu Namba Saba, na Fomu Namba Saba ilikuwa nyepesi mpaka ufike swali la nne, lililosema: *Andika kwa ukamilifu maneno yote utakayoyasikia, kwa mpangilio wake.* Mwaka wa kwanza Sikudhani aliandika, "Sijui." Fomu ikarudi na muhuri mwekundu: *Mwombaji hana uhakika na anachokitaka.* Mwaka wa pili aliandika, "Sauti ya mama yangu." Ikarudi: *Mama hayumo kwenye orodha.* Na kweli hakuwemo. Orodha kuu ya Idara, kuanzia kanda ya kwanza hadi ya arobaini na mbili, ilisema maneno yaleyale: *Profesa Chilumba, akisoma hadithi zake, peke yake.* Mwaka wa tatu aliliacha swali wazi, wakamjibu kwamba Idara haina kanda tupu. Tangu hapo aliijaza kila Januari, kama watu wa nchi kame wanavyopanda mahindi, kwa sababu Januari imefika.

*

Profesa alipotimiza miaka thelathini kaburini, Serikali iligundua kwamba inampenda. Upendo huo uligunduliwa Jumatatu, katika kikao kilichoitishwa kujadili jambo jingine kabisa, na kufikia Jumatano ulikuwa umeshapigiwa chapa na Wizara ya Heshima za Baada ya Kifo.

Mkurugenzi wa Idara, Daktari Mpandula, aliwakusanya watumishi wote kwenye ngazi. Yeye alisimama ngazi ya juu, wasaidizi wake ngazi ya pili, na kadhalika kwenda chini, hata Sikudhani akajikuta nje, mlangoni, juani.

"Ndugu zangu, watumishi wenzangu, na wewe unayefagia," alisema Mkurugenzi. "Profesa Chilumba alikuwa taa. Taa hiyo tuliizima wenyewe, hilo hatulikatai, lakini tuliizima kwa nia njema, kuokoa mafuta. Sasa tunaiwasha. Jumamosi ya wiki mbili zijazo, mbele ya Mheshimiwa Waziri, sauti ya Profesa itapigwa katika vipaza sauti ishirini, na wananchi watafurahi kwa mujibu wa ratiba."

Mtu mmoja wa ngazi ya kati akauliza, "Mheshimiwa, kwani kwenye hizo kanda anasema nini?"

"Hilo," alisema Mkurugenzi, na uso ukamshuka, "ndilo tatizo."

Hakuna aliyejua. Kwa miaka thelathini hakuna mtu aliyefaulu swali la nne.

Ikaundwa Kamati ya Kusikiliza Kabla ya Wananchi, wajumbe saba, katibu wake Bwana Fungameza, aliyekuwa na shahada ya kusikiliza kutoka ng'ambo na ambaye kwa sababu hiyo hakuwa akimsikiliza mtu yeyote wa hapa. Kila mjumbe alivaa hedifoni. Kila jioni kila mjumbe alitia sahihi tamko kwamba amesikiliza kwa makini na hakucheka. Haikuwa kazi ndogo. Mjumbe mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alipofika kanda ya tisa pumzi ilimtoka puani kwa kishindo. Alipewa likizo ya ugonjwa siku hiyohiyo, na ugonjwa wenyewe bado unatafutwa.

Kamati ilihitaji mtu wa kuwamiminia chai, asiyeweza kwenda kusimulia. Wakamchagua bubu.

Hivyo ndivyo Sikudhani alivyoingia katika chumba alichokuwa akikifagia kwa miaka tisa, safari hii kanda zikizunguka. Alisimama ukutani na chupa ya chai. Hakusikia kitu, maana sauti yote ilikwenda masikioni mwa wajumbe. Aliona nyuso tu. Aliwaona wakiuma midomo, wakitazama dari, wakijifinya mapaja chini ya meza, na alijua kwamba hatua nne kutoka pale aliposimama, ndani ya masikio ya watu wasiomhitaji, huenda mama yake alikuwa akizungumza. Alimimina chai. Alikusanya vikombe. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kwa namna fulani ilikuwa afadhali alipokuwa nje akifagia.

*

Siku ya nne, kanda ya kumi na nne, Bwana Fungameza alirusha mkono juu. "Simamisha!"

Mzee Likwata, fundi wa mitambo, akasimamisha. Wajumbe wakavua hedifoni.

"Mmesikia?" aliuliza Fungameza.

"Tumesikia nini, Katibu?"

"Hamkusikia kitu! Ndicho ninachosema. Hadithi inakwenda vizuri, Mtemi anawauliza watu wake, 'Watu wangu, mnanipenda?' Halafu Profesa hasomi. Sekunde kumi na moja hasomi! Ndipo anasema, 'Wakajibu, tunakupenda.' Jamani, sekunde kumi na moja mtu anafanya nini humo?"

"Labda alikunywa maji," alisema mjumbe mzee kuliko wote.

"Maji ya sekunde kumi na moja? Ngamia huyo?"

"Mimi lakini," mzee yule akajikuna kidevu, "hapo katikati nimemsikia mwanamke."

"Mwanamke yumo kwenye orodha?"

Wakafungua orodha. "Hayumo. Profesa, akisoma, peke yake."

"Basi hujasikia kitu, mzee wangu. Kanuni iko wazi, sauti ni ile iliyomo kwenye orodha. Isiyokuwemo ni kimya."

Chai ya moto ilijaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza safari juu ya meza.

"We binti! Unaimwagia chai Serikali!"

Sikudhani alifuta meza kwa upande wa kanga yake. Alifuta hata mahali pakavu, na kila mtu alidhani ni kwa sababu ya kugombezwa.

Mkurugenzi aliitwa. Alikuja, akavaa hedifoni, akasikiliza sekunde zile kumi na moja mara tatu, akazivua kama mtu aliyeonyeshwa majibu mabaya hospitalini. "Kimya ni nini?" aliwauliza, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kunyamaza wala kujibu, alijijibu mwenyewe. "Kimya ni maneno ambayo raia amekataa kuyatoa mbele ya Serikali yake."

"Na wahenga walisema, Mheshimiwa," Fungameza akaongeza, "kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Hao wahenga wako wapi sasa?"

"Ni marehemu, Mheshimiwa."

"Basi waaminike."

Ikaamuliwa kwamba vimya vyote vya Profesa vitafutwe, vipimwe, vikatwe na viteketezwe. Fungameza alianza daftari jipya. Sikudhani, alipokuwa akimpelekea sukari, alisoma kwa mwendo wake wa darasa la tano yale yaliyoandikwa: *Kanda ya 14, kimya, sekunde 11, chenye mwanamke. Kanda ya 17, kimya kirefu, chenye kuku na mwanamke. Kanda ya 20, kimya, chenye mwanamke anayecheka.* Ukurasa mzima ulikuwa hivyo. Hakuwahi kusoma kitu kizuri kama kile.

*

Mzee Likwata alikuwa akikata kwa wembe na kuunga kwa selotepu. Vipande vya kimya alivining'iniza kwenye kamba kama ukanda wa ngozi unaokaushwa, kisha akaviunga kimoja kwa kimoja mpaka vikawa kanda moja ndogo. Alikuwa mtu wa miaka sitini aliyebakiza miezi miwili kustaafu, na alikuwa na maradhi ya miguu, ya mgongo, na ya kujua mambo.

"Dakika kumi na tisa," alisema alipomwona Sikudhani amesimama mlangoni na ufagio. "Inachomwa Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe. Nipishe, mwanangu, bado nafagia mabaki mwenyewe."

"Mzee Likwata, shikamoo."

Wembe ulimponyoka. "Marahaba! Kumbe unaongea?"

"Kidogo."

"Miaka tisa yote! Mimi nakuongelesha kwa mikono!"

"Nilikuwa naona. Nikaona nisikukatishe." Alitazama sakafu. "Huyo mwanamke aliyemo humo ni mama yangu."

Mzee Likwata alikaa. Akamtazama, akaitazama kanda, akamtazama tena. "Somoe?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu mwingine kulitaja jina hilo ndani ya jengo. Sikudhani aliitikia kwa kichwa tu.

"Basi nikuambie jambo na usiliseme, ingawa najua hutalisema. Profesa alikuwa hajui miisho ya hadithi zake. Kila akifika pabaya anageuka, 'Halafu ikawaje, Somoe?' Mama yako anampa. Huku anakoroga sufuria, namsikia mwiko. Hizo hadithi anazosifiwa, nusu yake zilipikwa pamoja na mchuzi."

"Niache nisikilize, mzee. Mara moja tu."

"Ah, mwanangu, mwanangu." Akaufunika uso kwa viganja. "Nina miaka thelathini na tisa kazini sijasikia kitu. Thelathini na tisa! Nisikie leo, nimebakiza miezi miwili? Kalete kibali, hata kama kimeandikwa kwa mkaa nitakupigia mpaka asubuhi."

"Kuna fomu ya kusikiliza kimya?"

Mzee Likwata alifikiri. "Haipo."

"Basi bado sijanyimwa," alisema Sikudhani, na yeye mwenyewe akashtuka kwa maneno yake.

*

Mkurugenzi alimsikiliza kwa dakika mbili nzima akitafuta sauti inatoka wapi.

"Bubu anaongea," alimwambia Fungameza aliyekuwa pembeni.

"Ni mwelekeo mbaya, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo wewe, binti, unataka kusikiliza kitu ambacho hakipo."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini?"

Sikudhani alikuwa amejiandaa usiku kucha, na maandalizi yote yakamtoroka. "Nimekifagilia miaka mingi," alisema.

Mkurugenzi aliegemea kiti. Jambo lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Akikataa, atakuwa amekiri kwamba mna kitu cha kukataza. Akikubali, atakuwa amekiri kwamba mna kitu cha kusikia. Katika nchi hiyo, mkubwa akifika mahali penye njia mbili, hupanda juu. Akaandikia Wizara.

Jumatatu Wizara haikujibu. Jumanne ilijibu kwamba imepokea. Jumatano iliuliza kama kimya hicho ni cha kiume au cha kike. Sikudhani alifagia korido ya Mkurugenzi mara sita kwa siku, hata sakafu ikaanza kubanduka rangi. Hakulala vizuri na hakula vizuri, lakini hilo halikuonekana, kwa kuwa hata zamani hakuwa mnene. Alhamisi saa nane mchana, siku moja kabla ya kuchomwa, barua ilifika: *Mwombaji aruhusiwe kusikiliza kimya husika, kwa sharti kwamba hatasikia kitu, na atie sahihi kuthibitisha hivyo. Katibu wa Kamati asikilize naye, kuhakikisha.*

Mzee Likwata alipachika kanda. Fungameza alivaa hedifoni zake, akafungua daftari, akaandika tarehe. Sikudhani hakuwahi kuvaa kitu kile. Alikigeuza kinyume, fundi akamrekebisha.

Kwanza ilikuja mvua juu ya bati. Halafu mwiko ukigonga ukingo wa sufuria. Halafu mtu akasema:

*"Wale watu? Wakatazamana kwanza! Mtu anaulizwa swali kama hilo, asimtazame mwenzake? We Profesa nawe, vitabu vyote hivyo!"* Na cheko.

Sikudhani hakulia kama alivyotarajia. Alishangaa. Kwa miaka yote aliogopa kwamba ataisikia sauti ile asiijue, maana alikuwa na miaka mitatu tu. Sasa aliijua mara moja, na haikuwa kwa kuikumbuka. Ilikuwa sauti yake yeye, ileile iliyomwambia mzee Likwata shikamoo, ila hii ilikuwa haijaogopeshwa na mtu. Hakujua kwamba sauti yake ingeweza kufanya vile.

*"Chumvi haijui usomi, mzee. Nitie au nisitie?"*

*"Kuku huyo! Ishia huko! Anataka kusikika na yeye."*

*"Hapana, fisi hafi hapo. Akifa hapo watoto watalala na nini? Mwache, aje afe kwa aibu."*

Vipande vilifuatana bila maneno ya Profesa kuvitenganisha, kama mtu aliyekaa peke yake miaka thelathini na kitu anazungumza na ukuta. Karibu na mwisho, mwiko uliwekwa chini. *"Hebu ngoja, kaamka mwanangu. Njoo, mama. Njoo useme na wewe, useme unaitwa nani."* Kukawa na mkwaruzo, halafu sauti ndogo, karibu kabisa na mashine, ikasema kwa nguvu zote, bila haya hata chembe: *"Sikudhani!"*

Kanda ikaisha, ikawa inapiga mkia wake kwenye mashine, tap, tap, tap.

*

Fungameza alivua hedifoni polepole. "Huyo mtoto," alisema, "amesema Sikudhani."

"Ndiyo, mzee."

"Wewe unaitwaje vile?"

Hakuwa amewahi kuulizwa na mtu wa cheo kile. "Sikudhani."

"Kwa hiyo wewe umo ndani ya kimya cha Serikali."

"Nilikuwa mdogo, mzee."

"Umri hausafishi kosa. Ulikuwa na kibali?"

Mkurugenzi aliletwa. Alisomewa maelezo, akakunja uso, kisha akalegea, kwani kwa kweli alitaka kwenda nyumbani. "Sikiliza, mwanangu," alisema kwa sauti ya baba. "Hakuna haja ya kufika mbali. Tia sahihi hapa, *Sikusikia kitu*. Kesho asubuhi tunachoma, Jumamosi tunasherehekea, Jumatatu unachukua ufagio wako. Ukishikilia kwamba umesikia, basi mna kitu humo, na kama mna kitu, kitu chenyewe kinakutaja wewe kwa jina. Hiyo ni kesi. Kuingia katika kimya cha Serikali bila kibali, ukiwa na umri wa miaka mitatu. Kazi huna, na kila mwezi uko kizimbani."

Sikudhani aliitazama karatasi. "Na kanda?" aliuliza.

"Kanda gani?"

"Nikiwa na kesi. Kanda itachomwa?"

"Ah, hapo haiwezi," alisema Fungameza aliyependa kanuni kuliko mtu yeyote. "Itakuwa kielelezo. Kielelezo hakichomwi mpaka kesi iishe. Tena sheria inataka kipigwe mbele ya hakimu kila kesi inapotajwa, kuthibitisha kwamba hakijabadilishwa."

"Na kesi huwa inaisha lini?"

Wanaume watatu walitazamana kwanza. Mzee Likwata akakohoa. Katika mji ule kulikuwa na kesi ya mbuzi iliyofikisha miaka thelathini na minane. Mbuzi alikuwa amekufa, mwenye mbuzi amekufa, mshitakiwa amekufa, hakimu wa kwanza amekufa, na kwa sasa iliyokuwa ikitoa ushahidi ni kamba.

Hakuwa shujaa. Alichofikiri wakati ule kilikuwa kidogo, kwamba Jumatatu atachukua ufagio, na Jumanne, na Januari atajaza fomu ya kitu ambacho safari hii kweli hakipo. Alisikia uchovu wa Januari zote hizo kwa pamoja, zilizopita na zijazo. Akairudisha kalamu mezani.

"Nimesikia," alisema. "Kila neno."

*

Sherehe ilifana. Waziri alifika amechelewa, kwa hiyo alikuwa mkubwa kuliko ilivyotarajiwa. Kanda za Profesa zilipigwa zikiwa zimesafishwa, na sauti ya mzee wa watu ikapita juu ya uwanja mbio, pasipo kupumua, neno juu ya neno, kama mtu anayefukuzwa na nyuki huku akihesabu kondoo. Mtemi aliuliza mnanipenda na kujibiwa tunakupenda kabla hajamaliza kuuliza. Palipokuwa pa kuchekea pamekatwa, na wananchi hawakucheka. "Huyu ndiye msomi," alisema Waziri akipangusa jicho. "Hakusita juu ya nchi yake hata mara moja!"

Sikudhani hakuwepo. Alikuwa akichukuliwa alama za vidole.

Tangu hapo huenda mahakamani kila mwezi, mara moja. Siku nyingine zote hukaanga vitumbua nyumbani kwa mama mdogo, na huongea zaidi kidogo kuliko zamani. Wakili wa Serikali husimama na kusema upelelezi haujakamilika, kwa kuwa yule mwanamke wa kwenye kimya bado anatafutwa, na polisi wanaamini yuko hai kwa sababu cheko lake si la marehemu. Kisha Mzee Likwata, aliyestaafu lakini akaitwa shahidi na hivyo hajapumzika hata mwezi, hupachika kanda. Mahakama haina hedifoni. Dakika kumi na tisa zote hupigwa kwa spika, na askari wa mlangoni huegemea bunduki, na karani huacha kuandika, na watu waliokuja kwa kesi zao za mashamba na talaka husogea mbele kidogo. Wengine siku hizi huja bila kesi. Hukaa nyuma, na kanda ikifika pale wale watu walipotazamana kwanza, hutazamana.

Kinachomsumbua Sikudhani ni jambo aliloambiwa na Mzee Likwata mwaka wa pili, wakiwa kwenye benchi la mashahidi. "Mwanangu, kanda si jiwe. Kila ikipita kwenye mashine inaacha vumbi lake kidogo. Tukiipiga inakwisha. Tusipoipiga wataichoma." Na ni kweli. Mwaka wa tatu mvua juu ya bati ilitoweka. Mwaka wa nne kuku hakusikika tena. Mwiko ukawa mbali, kana kwamba umehamia jiko la jirani. Somoe mwenyewe bado yupo, ila mtu inabidi ainame.

Mwaka wa tano alikuja hakimu mpya, mtu mnene mwenye miguu inayovimba, ambaye huvua viatu chini ya meza akidhani haonekani. Alisoma jalada kutoka mwanzo, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya, na alipomaliza alilifunga.

"Mshitakiwa, simama," alisema. "Mimi nimechoka, na naona na wewe umechoka. Miaka mitano! Kwa kusema jina lako! Nina mamlaka ya kuifuta kesi hii leo, saa hii, ukaenda nyumbani mtu huru, na kielelezo kikarudi Idara wakafanye wanachotaka. Kabla sijaandika, una neno lolote?"

Mahakama nzima ilimtazama. Haya ilimpanda Sikudhani kutoka miguuni kama maji ya mafuriko, ikafika kifuani, ikafika shingoni. Alishika ukingo wa kizimba. Mzee Likwata alikuwa ameinamisha kichwa, mkono mmoja juu ya mashine.

"Mheshimiwa," alisema, na watu wa benchi la nyuma wakainua nyuso, maana sauti ile waliijua, "naomba upande wa mashtaka wapewe muda zaidi."

Hakimu alimtazama, akaitazama mashine, akawatazama watu waliokuja bila kesi. Alitafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu, hakuvipata, akaacha.

"Tarehe kumi na tisa mwezi ujao," alisema. "Na hicho kielelezo, kibebeni taratibu."